Umerithi Datsun ya Babu Kisii ama Nyamira? Usikimbilie Injini, Anza Hapa

Unaijua hiyo story. Kuna Datsun 1600 SSS imelala chini ya migomba huko ocha tangu babu aache kuendesha. Kuku wanatagia kiti cha nyuma, na wajomba wanataka ipimwe kilo iuzwe chuma chakavu. Wewe ukiiangalia unaona kitu kingine. Unaiona ikipanda Manga ikinguruma, watoto wakitoka mbio mpaka barabarani.

Kabla uchomoe hata senti moja, buda, jua hivi: hiyo ndai ukiiharibu, hakuna ingine inakuja. Kenya hairuhusu watu kuagiza magari yaliyozidi miaka 8, kwa hivyo Datsun zilizo hapa ndizo hizo tu. Tena mbaya zaidi, ukikosea mpangilio wa kutengeneza, gari linaweza kukumaliza kwenye mteremko kabla hata majirani wamalize kulisifu.

Na usidharau damu ya hiyo gari. Mwaka wa 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally na Datsun 1600 SSS. 1971 wakarudia na 240Z. 1973, Shekhar Mehta na Lofty Drews wakachukua tena na 240Z. Hizo barabara zilikuwa za vumbi na matope kama yale yako ya nyumbani.

Sasa somo lenyewe liko 1974. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, hapo tu ukivuka kutoka Nyamira, alishinda Safari akiwa na Mitsubishi Lancer ya injini ya 1600. Nyuma yake, namba mbili, alikuwa Björn Waldegård na Porsche 911. Unaelewa? Gari dogo liliishinda Porsche. Safari haikuwa ya mwenye moto mwingi, ilikuwa ya mwenye gari linalofika.

Kwa hivyo doh yako ipange hivi: breki, saspensheni, kupoza injini, halafu mwisho kabisa ndio nguvu. Wengi hupanga kinyume, na ndio maana gari nyingi za kurithi huishia kwa mawe.

Breki kwanza, hakuna mjadala

SSS ina diski mbele na dramu nyuma. Gari likikaa miaka bila kutembea, raba za ndani ya silinda za breki hukauka, na oili ya breki hunyonya unyevu. Ukiteremka kutoka Keroka na mvua imenyesha, unakanyaga breki tena na tena, ile oili yenye maji inachemka, inatoa mapovu, na pedali inazama mpaka sakafuni. Hapo ndio utakumbuka maombi yote uliyofunzwa Sunday school.

Badilisha raba zote, badilisha paipu za mpira zinazoenda kwa magurudumu, mwaga oili yote ya zamani na uweke mpya ya DOT 4. Hii kazi haionekani kwa picha, lakini ndiyo itakurudisha nyumbani.

Saspensheni: kataa spesa, kataa msumeno

Huku kwetu kuna magonjwa mawili. La kwanza ni spesa. Fundi ameona Probox zote za stage zimeinuliwa, na sasa anakuambia, "Boss, tupige spesa iinuke, barabara ya kwenu ni mbaya." La pili ni la vijana wa tao: wanataka gari likae chini, kwa hivyo springi inakatwa na msumeno ama inachomwa na gesi mpaka ilegee.

Zote mbili ni noma, na sababu iko hivi. Mbele, SSS inabebwa na strati, ile nguzo moja inayoshika springi na shokapu pamoja. Spesa inainua mwili wa gari, lakini haiongezi urefu wa shokapu hata kidogo. Gurudumu likining'inia kwenye shimo, shokapu inafika mwisho inagonga, na boljointi inavutwa kwa pembe ambayo haikutengenezewa.

Nyuma, kila gurudumu la SSS linajitegemea kwa mkono wake. Ukiinua sana, tairi zinalala kuelekea nje kwa juu. Ukishusha sana, zinalala kuelekea ndani. Hali zote mbili tairi inaliwa upande mmoja, na krosi za shafti za nyuma zinafanya kazi zikiwa zimepinda. Springi iliyochomwa na gesi nayo imepoteza ugumu wake wa chuma. Itazama ama itakatika, na haitakupigia simu kwanza.

Ukitaka gari liinuke kidogo kwa ajili ya ile njia ya murram ya kuingia boma, nunua springi zilizotengenezwa ndefu kidogo, na shokapu zinazolingana nazo. Nunua jozi: mbele zote mbili ama nyuma zote mbili. Usibadilishe upande mmoja tu. Halafu weka bamba la chuma chini ya sampu, kwa sababu jiwe moja tu linatosha kumwaga oili yako yote njiani.

Bushi nazo? Kuna za mpira na kuna zile ngumu za polyurethane. Zile ngumu zinadumu na gari linakaa imara kwenye kona, lakini kwenye murram kila jiwe utalisikia kwa meno. Kwa gari la kuendesha Nyamaiya Jumapili na kuenda harusi, mpira mpya ndio poa.

Na chungulia chini kwanza! Kuna Datsun za umbo hilohilo zenye springi za majani na ekseli nzima nyuma. Spea zake haziingiliani na za SSS, hata muuzaji akiapa kwa jina la mamake.

Siku ya kufunga: mambo matatu

Moja, ile nati ya juu ya strati haifunguliwi kabla springi ibanwe na kifaa chake. Sio waya, sio kamba, sio kijana wa mkono kuikalia. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Fundi akikosa hicho kifaa, ondoka na gari lako.

Mbili, bolti za bushi za mpira zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, sio likiwa kwa jeki. Ukikaza likiwa linaning'inia, gari likishuka zile bushi zinakaa zimesokotwa saa zote, na zinapasuka mapema sana. Hii ndiyo siri ya wale wanaolalamika kwamba "spea za siku hizi ni feki." Wakati mwingine si spea, ni mfungaji.

Tatu, ukimaliza fanya alaimenti ya magurudumu. Halafu baada ya kama kilomita 100, rudi ukague kila nati. Vitu vipya hukaa, na nati hulegea.

Usiambiwe injini imekufa

Sasa tufike kwa injini. Kisii mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za juu za Nyamira zinapita 2,000. Hewa huku ni nyepesi. Kwa kila nguvu za farasi 100 ambazo injini inatoa ikiwa Mombasa, hapa unabaki na kama 80 hivi. Gari si gonjwa, ni mlima tu.

Hapa ndio watu wengi huliwa pesa. Fundi anapima mgandamizo wa silinda, anaona namba iko chini kuliko ya kitabu, anatikisa kichwa: "Injini imekufa, kijana. Tufungue yote." Ngoja kwanza! Kitabu kimeandikwa kwa hewa ya chini. Huku juu namba lazima ishuke. Wewe linganisha silinda nne zenyewe kwa zenyewe. Zote zikikaribiana, injini bado iko fiti. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hapo ndio kuna shida ya valvu, ringi ama gasketi ya hedi.

Kabla ya hiyo ovaholi, rekebisha nafasi ya valvu. Kwenye injini ya L16, ikiwa imepata moto, ni milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa. Ni kazi ya asubuhi moja, na mara nyingi gari linafufuka hapo hapo.

Maji yanachemka mapema huku

Umewahi kushangaa kwa nini maharagwe ya Nyamira huchukua muda mrefu jikoni? Ni kwa sababu maji huku huchemka kwa digrii 93 au 94 hivi, sio 100. Maji ya rejeta nayo yanafuata sheria hiyohiyo. Kinachoyazuia yasichemke ni kifuniko cha rejeta, ambacho hushika presha. Kifuniko kikiwa kimechoka, utachemsha ukipanda kabla hata mshale wa temprecha ufike kwa nyekundu.

Kwa hivyo kifuniko kipya, thamostati mpya, paipu mpya, na rejeta isafishwe ndani. Hizi ni spea za bei rahisi zinazolinda hedi ya aluminiamu. Hedi hiyo ikipinda kwa joto, utaanza kuuza ng'ombe.

Kabureta: tyuni ya Nyamira si ya Kisumu

SSS ina kabureta mbili za aina ya SU. Hewa ikiwa nyepesi, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa. Chomoa plagi uangalie rangi. Nyeusi yenye masizi inamaanisha petroli ni nyingi. Kahawia kama chai ya maziwa ni sawa. Nyeupe inamaanisha petroli ni kidogo, na hiyo ni hatari zaidi.

Mtego uko hapa: ukipunguza petroli mpaka gari likaimba vizuri ukiwa juu Nyamira, halafu uteremke Kisumu, ambako ni kama mita 1,130 tu, hewa inakuwa nzito na petroli inakuwa haba. Injini inapata joto, inagonga, na pistoni inaweza kutoboka. Acha iwe na petroli kidogo ya ziada. Hasara ya mafuta ya soo mbili haiwezi kulingana na pistoni. Na kabureta zote mbili zivute hewa sawasawa. Moja ikivuta zaidi, injini itatetemeka kama mtu mwenye malaria.

Bado unataka moto?

Sawa, kama breki, saspensheni na maji viko fiti, sasa tuongee nguvu. L16 ina sisi 1595. Ndugu zake ni L18 ya 1770 na L20B ya 1952. L18 ina bloku ya urefu uleule na L16, kwa hivyo inaingia bila fujo nyingi. L20B ndiyo inapanda milima vizuri kwa sababu pistoni yake inasafiri mbali zaidi, lakini bloku yake ni ndefu kwenda juu kwa karibu sentimita 2. Ekzosi na viungo vingine vitahitaji mkono wa fundi anayejua.

Ukinunua injini iliyotumika, isikie ikinguruma kwanza, omba risiti, na usome nambari yake. Lazima nambari hiyo iandikishwe upya NTSA ili ilingane na rekodi za gari. Usipofanya hivyo, siku karao akifungua boneti ama siku unataka kuuza, utaonekana mwizi wa gari la babu yako mwenyewe.

Na spea za zamani usizitupe. Hiyo L16 ipake oili, ifunge kwa karatasi ya nailoni, iweke stoo. Gari la kitambo likiwa na injini yake ya kuzaliwa huwa na heshima na bei tofauti.

Usiharakishe

Hakuna anayekukimbiza. Mwezi huu breki, baada ya bonasi ya chai shokapu na springi, Krismasi rejeta. Joginder alishinda Safari yake ya kwanza 1965 na kakake Jaswant, kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imetumika na wengine kabla yake. Aliitengeneza mwenyewe kwa sababu alikuwa makanika kabla awe staa.

Siku ya kwanza ukiiwasha, usiipeleke tao kujionyesha. Mketishe nyanya kiti cha mbele, mpande polepole mpaka barabara ya lami, halafu mteremke mkirudi kwa gia ya pili, breki ikishika kila ukigusa. Wajomba watakuja wenyewe kuomba lifti. Na hakuna atakayetaja kilo za chuma tena.