Kulipa Deni la Nyumba kwa Deni Jingine

Mwaka 2012 Bariadi ulifanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Simiyu. Penye ofisi pana watumishi, na watumishi huhitaji vyumba. Ndiyo sababu mkulima wa pamba mwenye kiwanja mjini hupenda kujenga nyumba ya kupangisha. Fedha zikimwishia kabla ya bati, huenda benki na kuweka hati yake rehani.

Kodi ya wapangaji isipotosha kulipa benki, huja shauri hili: benki nyingine itoe mkopo mpya, imalize deni la zamani, nawe ubaki ukiilipa hiyo ya pili. Shauri hili si baya, lakini si dawa ya kila homa. Na tuhesabu pamoja.

Tuseme umebakiwa na deni la shilingi 6,000,000, la kulipwa kwa miezi 24, riba asilimia 18 kwa mwaka juu ya deni linalobaki. Kila mwezi watoa karibu 299,500. Nyumba yako ina vyumba sita vya shilingi 40,000. Vyote vikijaa wapata 240,000. Pengo walijaza kwa mahindi na mbuzi wa nyumbani.

Benki ya pili yakupa riba ya asilimia 15 kwa miezi 60. Sasa walipa karibu 142,700 kwa mwezi, na kodi yatosha. Je, umepata faida? Umepata nafuu ya mwezi. Lakini riba yote, iliyokuwa karibu 1,190,000, imekuwa karibu 2,560,000. Riba imeshuka, gharama imepanda, kwa sababu miaka imeongezeka.

Ungeshika miezi ile ile 24 kwa asilimia 15, ungeokoa karibu 207,000 tu, nayo yaweza kumezwa na malipo ya mthamini, ya kufuta rehani ya kwanza na kuandikisha ya pili, na bima.

Basi kabla ya kutia sahihi, uliza: Riba yahesabiwa juu ya deni linalobaki, au juu ya mkopo wote hata ukiisha kulipa nusu? Je, kuna faini ya kulipa mapema? Jumla yote nitakayolipa ni shilingi ngapi? Jibu lipate kuandikwa.

Baba wa nyumba, usilifanye jambo hili kwa siri. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, nyumba ya familia haiwekwi rehani pasipo ridhaa ya mke au mume. Mama naye asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Deni likishindikana, mnada huwaondoa wote, hata watoto ambao hawakuulizwa.

Mikopo ya nyumba ina historia yake nchini. Benki ya Nyumba ya Tanzania ilifungwa mwaka 1995. Mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC, inayokopesha mabenki yenyewe ili nayo yaweze kukopesha wananchi kwa miaka mingi zaidi.

Miaka mingi ni msaada kwa aliyebanwa kweli. Lakini ukipata nafuu hiyo, usiitumie kwa pikipiki wala sherehe. Ikiwezekana, mavuno yakiwa mema, punguza deni lenyewe. Kukopa harusi, kulipa matanga.