Ndigana Kali: Mfugaji na Daktari wa Mifugo Washirikiane



Ndigana kali huenezwa na kupe, na ng'ombe asiyetibiwa mapema aghalabu hufa. Mfugaji ndiye wa kwanza kuziona dalili: tezi za chini ya sikio kuvimba, homa kali, na mnyama kuacha kula. Atoe taarifa siku ile ile, kwani dawa ya daktari hufaa ugonjwa ungali mchanga.

Kinga ni chanjo. Nayo huhifadhiwa imegandishwa, dozi nyingi katika mrija mmoja. Ikishayeyushwa hudumu saa chache tu. Daktari hawezi kuufungua kwa ndama mmoja bila hasara. Basi katibu aandikishe ndama wa wanachama wote, wachanjwe siku moja. Kuogesha joshoni kuendelee, maana chanjo hii haizuii magonjwa mengine ya kupe.