Hamira ya mama haikufa: seli inajuaje wakati na upande wa kuzaa?

Leo naleta somo la biolojia, lakini linaanzia ku jikoni ya mama, hapa Panda.

Ilikuwa mwezi wa 7, na baridi ya Likasi ya mwezi wa 7 munaijua. Mama alikanda unga usiku, apate kukaanga mikate na kuuza asubuhi mbele ya lupango. Kulipokucha, unga ulikuwa umelala vilevile. Akaniita: "Weye musomi, kuya uangalie huu unga." Mwaka ule nilikuwa nimemaliza masomo ya biolojia. Nikachungulia, nikajibu kwa sauti ya mwenye diploma: "Mama, levire imekufa. Tupa tu." Akatupa beseni nzima.

Kumbe yaya jirani naye unga wake uligoma usiku uleule. Yeye alisogeza beseni karibu na mbabula, akangoja. "Haiyakufa," alituambia, "iko nasikia baridi tu." Unga wake ukafura, akauza. Mama hakunigombeza. Aliuliza tu: "Sasa weye ulisoma nini?"

Swali lile njo najaribu kulijibu leo.

Hamira, au levire jinsi tunavyoiita, ni kiumbe hai. Jina lake la kisayansi ni Saccharomyces cerevisiae. Kila mmoja ni seli moja tu, na ukizipanga seli 200 hivi kwa mstari unapata milimita moja. Kinachoinua unga ni gesi ambayo seli hizo zinatoa zikila sukari. Baridi inapunguza mwendo wa kazi hiyo, lakini haiziui. Kukiwa na joto la kutosha na chakula, seli inaweza kuzaa kila dakika 90 hivi. Haijigawi katikati. Inatoa kichipukizi upande mmoja, kinakua, halafu kinakatika na kuwa seli mpya.

Kwa hiyo kila mara seli ina maswali mawili: nizae lini, na nizalie upande gani? Haina ubongo. Protini njo zinajibu.

Tuanze na "lini". Mmarekani Leland Hartwell alitafuta seli za hamira zenye jeni iliyoharibika kidogo: kwenye joto la kawaida zinaishi vizuri, joto likipanda zinakwama kwenye hatua moja ya kugawanyika. Kila jeni iliyokwamisha ikamwonyesha kazi fulani. Moja yazo, CDC28, inashika mlango wa kwanza kabisa. Protini yake, Cdc28, kazi yake ni kubandika fosfati kwenye protini zingine, na hivyo kuziwasha au kuzizima. Lakini peke yake haifanyi kitu. Inahitaji mwenzake, protini inayoitwa saiklini.

Seli ikikua na chakula kikiwepo, saiklini ya kwanza, Cln3, inaungana na Cdc28. Kuna mlinzi anaitwa Whi5 ambaye anafunga jeni za kuanzisha mgawanyiko. Cln3 na Cdc28 zinaanza kumtoa. Jeni zikifunguka kidogo tu, zinatengeneza saiklini zingine, Cln1 na Cln2, ambazo zinamsukuma mlinzi nje kabisa. Hapo seli haiwezi tena kurudi nyuma. Na chakula kikikosekana? Mlango unabaki umefungwa, seli inangoja. Kungoja si kufa. Mimi sikujua kutofautisha.

Sasa "upande", yaani kile wanasayansi wanakiita polariti. Hapa mkubwa wa kazi ni Cdc42. Ni kama swichi ya taa: inawaka, inazimika. Kabla ya kichipukizi kutokea, Cdc42 zilizowaka zinakusanyika sehemu moja chini ya ngozi ya seli. Namna gani? Cdc42 iliyowaka inaita Bem1, Bem1 inakuja na Cdc24, na Cdc24 inawasha Cdc42 zingine za pale karibu. Ni kama soko: mama mmoja akitandika bidhaa, wanunuzi wanasimama, wakisimama wanunuzi, na mama wengine wanakuja kutandika palepale. Vikundi viwili vikianza pamoja, vinagombania protini zilezile, na kwa kawaida kimoja kinashinda. Njo maana kichipukizi ni kimoja.

Mahali pa kuanzia pia si bahati nasibu. Kila kuzaa kunaacha kovu, na protini za alama zinaonyesha kichipukizi kipya kitokee wapi. Ukiharibu alama, seli bado inazaa, ila popote tu. Ukiharibu Cdc42 yenyewe, seli inavimba pande zote kama mupira, kichipukizi hakitoki.

Na maswali yale mawili yameshikana: Cdc28 ikishawashwa na saiklini zake, ndipo Cdc42 inakusanyika. Wakati unafungua, upande unafuata.

Munaweza kusema: haya ni ya wazungu na maabara zao. Ngojeni. Kuna hamira nyingine, inayojigawa katikati. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliitoa kwenye pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki. Mpaka leo jina lake duniani kote ni Schizosaccharomyces pombe. Ndiyo, pombe, neno letu. Kwenye hamira hiyo Mwingereza Paul Nurse alichunguza Cdc2, ndugu wa Cdc28. Mwaka 1987, yeye na Melanie Lee walionyesha kwamba jeni ya mwanadamu inaweza kuokoa hamira ambayo Cdc2 yake imeharibika. Mwaka 2001 Hartwell, Nurse na Tim Hunt, aliyegundua saiklini, walipewa Tuzo ya Nobel.

Maana yake, mlango ule na sisi tunao. Kwetu kazi ya Whi5 inafanywa na protini Rb. Kwa mtoto, Rb ikiharibika ndani ya jicho, seli zinagawanyika bila kungoja: hiyo ni saratani inayoitwa retinoblastoma.

Mama, nilisoma hayo. Ila nilikuwa nimeyasoma kwa ajili ya mtihani.

Wenye kupata hadubini shuleni, jaribuni: maji ya vuguvugu, sukari kidogo, hamira kidogo, mungoje saa moja au mbili, kisha muangalie tone moja kwa ukuzaji wa mara 400. Mutaona seli zingine zimebeba mtoto ubavuni. Mutuandikie hapa mulichoona.

Mimi mwezi wa 7 uliofuata nilibeba beseni mwenyewe, nikaiweka karibu na mbabula.