Pale CIA ilipoomba isiguswe na sheria dhidi ya utesaji

Mswada unapofikishwa bungeni, wakulima huomba wafikiriwe, wafanyabiashara huomba wapunguziwe, na hakuna anayestaajabu. Ni nadra zaidi kuiona idara ya serikali yenyewe ikibisha hodi kwa wabunge na kuomba isihesabiwe miongoni mwa watakaofungwa na sheria. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mjini Washington mwaka 2005, na idara iliyohusika ni Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA.

Tarehe 5 Oktoba mwaka huo, Baraza la Seneti lilipitisha kwa kura 90 dhidi ya 9 kifungu kilichopendekezwa na John McCain, seneta wa jimbo la Arizona. Kifungu hicho kiliambatanishwa na mswada wa matumizi ya wizara ya ulinzi, na kilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza iliwataka wanajeshi wasitumie mbinu yoyote ya kuwahoji wafungwa isipokuwa zile zilizomo katika kitabu cha mwongozo cha jeshi la nchi kavu. Ya pili ilikuwa pana zaidi: mtu yeyote aliye mikononi mwa serikali ya Marekani, awe raia wa nchi gani na azuiliwe mahali gani, asitendewe ukatili, unyama wala udhalilishaji. Katika suala hili McCain hakuwa mtu wa kupuuzwa. Aliwahi kuwa mfungwa wa vita mjini Hanoi kwa zaidi ya miaka 5, akateswa huko. Isitoshe, picha za gereza la Abu Ghraib nchini Iraq, zilizotangazwa mwaka 2004, zilikuwa bado hazijasahaulika.

Siku 15 baada ya kura hiyo, makamu wa rais Dick Cheney alikutana na McCain, akifuatana na mkurugenzi wa CIA, Porter Goss. Walipendekeza maneno ya kuongezwa katika kifungu. Marufuku isizihusu operesheni za siri za kupambana na ugaidi zinazofanywa nje ya Marekani, dhidi ya magaidi wasio raia wa Marekani, na idara isiyo chini ya wizara ya ulinzi, endapo rais ataona kuwa operesheni hizo ni muhimu kwa usalama wa nchi. CIA haikutajwa kwa jina, wala hapakuwa na haja ya kuitaja.

Mpenzi msikilizaji, inafaa masharti hayo yapimwe moja baada ya jingine. Raia wa Marekani asingeguswa na msamaha huo. Aliyelengwa ni mgeni aliye ugenini, ambaye ameitwa gaidi bila ya hakimu yeyote kuthibitisha jina hilo. Mkulima wa mitende wa Wadi Bani Khalid huko Oman, nchi ambayo tangu mwaka 2015 imewapokea makumi ya Wayemen waliotoka Guantanamo, angekuwa nje ya ulinzi wa sheria iwapo angeshukiwa. Vivyo hivyo mvuvi wa Pemba au mwenye duka wa Mombasa. Kwa maneno mengine, sheria ingewalinda zaidi wale ambao tayari walikuwa na katiba ya kuwalinda.

Hoja ya serikali ya rais George W. Bush ilikuwa kwamba baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, rais hapaswi kufungwa mikono. Wanasheria wake walishikilia pia kuwa ahadi ya Marekani katika mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya utesaji, kuhusu vitendo vya ukatili visivyofikia utesaji, haikuihusu nchi hiyo inaposhughulika na wageni nje ya ardhi yake. Pengo hilo ndilo McCain aliloazimia kuliziba, na ndiyo sababu alikataa.

Wala shughuli haikuishia hapo. Mwanzoni mwa Novemba Cheney aliwasihi maseneta wa chama chake cha Republican katika mkutano wa faragha. Tarehe 2 mwezi huo gazeti la Washington Post lilifichua kuwa CIA ilikuwa na magereza ya siri, baadhi yakiwa Ulaya Mashariki. Sasa ikaeleweka msamaha ule uliombwa kwa ajili ya nini.

Miongoni mwa waliokuwa mikononi mwa CIA wakati huo ni Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, aliyekamatwa Pakistan mwezi Julai 2004. Alituhumiwa kushiriki katika mashambulio ya Agosti 7, 1998 dhidi ya balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, ambako watu 224 waliuawa. Alihamishiwa Guantanamo Septemba 2006.

Mjini Washington, Baraza la Wawakilishi nalo lilimuunga mkono McCain tarehe 14 Disemba, kwa kura 308 dhidi ya 122. Siku ya pili yake Bush akakubali, na tarehe 30 akatia saini. Hata hivyo aliambatanisha tamko kuwa ataitafsiri sheria hiyo kulingana na madaraka yake kama amiri jeshi mkuu. CIA nayo haikutoka mikono mitupu: maafisa wake walipewa njia ya kujitetea mahakamani kwamba walitii amri waliyoidhania kuwa halali, na kitabu cha jeshi hakikuwahusu. Bunge lilipojaribu kuwahusisha, Bush aliupinga mswada huo kwa kura ya turufu mwezi Machi 2008. Ajabu ni kwamba McCain mwenyewe, wakati huo akiwania urais, aliupigia kura ya hapana. Rais Barack Obama aliwafunga maafisa hao kwa amri yake Januari 2009, na mwaka 2015 ikawa sheria kamili, safari hii McCain akiwa mmoja wa waliouandika mswada.

Ghailani alifikishwa mbele ya mahakama ya kiraia mjini New York. Tarehe 6 Oktoba 2010 jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa serikali, Mtanzania aliyesemekana kumuuzia mshtakiwa baruti. Sababu yake ni kwamba serikali ilimjua shahidi huyo kutokana na maelezo ambayo Ghailani aliyatoa alipohojiwa kwa shuruti na CIA. Mwezi uliofuata baraza la mahakama lilimkuta na hatia katika shtaka moja tu kati ya 285, lile la njama ya kuharibu mali ya Marekani. Mashtaka yote ya mauaji yalianguka. Kwa shtaka hilo moja, Januari 2011, alihukumiwa kifungo cha maisha.