Mtori, makande na chai ya tangawizi: jiko la miezi ya kipupwe

Kipupwe huingia Juni na kuondoka Agosti. Pwani huleta upepo wa kusi na usiku wa kujifunika shuka, basi. Nyanda za juu mambo ni mengine. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kitulo, upande wa Makete, iko juu zaidi, na kuna asubuhi ambazo nyasi zake huonekana nyeupe kwa umande ulioganda. Limuru nchini Kenya ukungu huweza kukaa hadi saa nne. Watu wa sehemu kama hizi wana mapishi yao ya kupambana na baridi, na karibu yote yana sifa moja: ni mazito.

Uzito huo una kazi. Kikombe cha chai ya rangi na bakuli la mtori vikiwekwa mezani pamoja, chai itatangulia kupoa. Maji mepesi huzunguka yenyewe chomboni: ya moto hupanda juu, hukutana na hewa, hupoa na kushuka, na mengine hupanda kuchukua nafasi. Chakula kizito hakizunguki kwa urahisi hivyo, na joto hubaki limefungiwa katikati. Ndiyo maana mtoto hufundishwa kuula uji kuanzia pembeni mwa bakuli.

Mtori ni wa Wachaga wa Kilimanjaro, ingawa siku hizi unapatikana kwa mama lishe wa Dar es Salaam kama ulivyo Marangu. Ndizi zake hasa ni mshale, nyembamba na ndefu, zinazoivishwa zikiwa bado mbichi. Kabla ya kumenya, mpishi hujipaka mafuta mikononi kwa sababu ya utomvu, ambao huacha weusi usiotoka kwa sabuni, na kila ndizi iliyomenywa hutumbukizwa majini isibadilike rangi. Nyama inayofaa ni ya mifupa: mbavu, kidari, au kongoro kwa mwenye subira. Huchemshwa kwa moto wa wastani hadi iachane na mfupa yenyewe. Muda huo mrefu hauendi bure, kwani ndani yake kano na ngozi laini za nyama huyeyuka na kuwa ute unaoifanya supu inate midomoni. Supu ya namna hiyo ikiachwa jikoni usiku wa baridi, asubuhi hukutwa imeganda, inatikisika sufuriani.

Nyama hutolewa, supu huchujwa, na ndizi hupikwa ndani ya supu hiyo hiyo hadi zilainike kabisa. Hapo hupondwa kwa mwiko. Wapo wanaotumia blenda, lakini mtori wa blenda hulainika kupita kiasi na kupoteza zile chembechembe za ndizi ambazo ndizo utamu wenyewe. Nyama iliyokatwakatwa hurudishwa, pamoja na kitunguu, karoti na nyanya, na mwishoni maziwa kidogo au kijiko cha samli. Ukiwa tayari unapaswa kunyweka: Mchaga husema kunywa mtori, hasemi kula, na mama aliyejifungua huletewa kwenye kikombe au bakuli mara kadhaa kwa siku.

Makande hayana haraka. Mahindi makavu hukobolewa kwenye kinu ili ganda litoke, kisha hulowekwa usiku kucha pamoja na maharage. Wakenya wana ndugu yake, githeri, ambayo ikipondwa pamoja na viazi na majani ya maboga huwa mukimo. Mpishi wa Njombe anajua jambo moja ambalo wa Tanga halimsumbui: huko juu, maharage hayaivi upesi. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hewa inavyopungua uzito na ndivyo maji yanavyochemka kabla ya kufikia joto lake la kawaida. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Kwenye mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi joto 93 hivi, na kuchochea kuni zaidi hakuyaongezei joto, kunayakausha tu. Dawa yake ni kuloweka kwa muda mrefu, kifuniko kinachokaa sawasawa, na uvumilivu.

Wengi hutia magadi ili kuokoa muda. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na yakizidi makande hunuka sabuni. Maharage mekundu nayo yasionjwe yakiwa hayajaiva, kwa maana yana sumu ya asili inayotapisha, na huisha tu yakichemshwa vizuri. Yakishaiva huungwa kwa kitunguu na nyanya. Tanga hutia tui la nazi. Kwa lishe, mchanganyiko huu ni wa busara ya zamani: protini ambayo mahindi yanaikosa, maharage yanayo.

Kwa asubuhi, uji. Wa ulezi, ambao Kenya huitwa wimbi, ndio unaopendwa zaidi nyanda za juu, na una madini mengi ya chokaa kuliko mahindi au mchele. Kosa la mpishi mgeni ni kumimina unga kwenye maji yanayochemka. Unga wa nje huvimba papo hapo na kuufungia mkavu ndani, na hayo ndiyo madonge. Unga hukorogwa kwanza kwenye maji baridi, kisha humiminwa taratibu sufuriani huku mkono haupumziki. Wanaopenda uji mchachu huuacha mchanganyiko huo mbichi usiku mmoja au miwili. Wakati wa kipupwe huchelewa kuchacha, hivyo chombo huwekwa karibu na mafiga. Mwenye haraka hukamulia limau, ila asitie na maziwa.

Maziwa ndiyo huwaumbua wengi kwenye chai ya tangawizi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na mtu anayeitupia kwenye maziwa ya vuguvugu huishia na mabonge. Lakini kimeng'enya hicho hakistahimili mchemko. Tangawizi hutwangwa na kuchemshwa kwenye maji kwanza, dakika tano au zaidi, pamoja na iliki, mdalasini na punje chache za pilipili manga. Majani ya chai hufuata, na maziwa huja mwisho. Majani yenyewe ni mazao ya baridi hiyo hiyo. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1903 huko Limuru, na kwa upande wa Tanzania mashamba yake yako Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara, kwenye mvua, ukungu na ubaridi.

Ukali wa tangawizi haumwongezei mtu joto kubwa. Huamsha mishipa ya fahamu inayohisi joto, kama pilipili ifanyavyo. Pombe ni laghai zaidi: hutanua mishipa ya damu ya ngozi, mnywaji akajisikia moto huku mwili wake ukipoteza joto.

Jiko la mkaa lililoivisha makande hubaki na makaa mekundu kwa saa nyingi, na usiku wa kipupwe hushawishi kuliingiza chumbani. Makaa hayo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo chumba kikifungwa huua watu wakiwa usingizini. Uji wa usiku utiwe kwenye chupa ya chai, na jiko lilale nje.