Nyeupe au krimu? Ukuta wa chumba cha picha unaweza kukurudishia mzigo

Mteja kaona dera la krimu kwenye picha, kapokea jeupe. "Sio hili nililoagiza." Mzigo unarudi na hela ya boda imeshaenda. Wewe hukumdanganya, ukuta wako ndio uliomdanganya.

Wengi wetu tunapigia picha chumbani. Kama unapanga kupaka rangi, linganisha hizi mbili kwanza.

KRIMU: Inapendeza kwa macho na haionyeshi uchafu haraka. Shida yake, mwanga ukigonga ukuta wa krimu unarudi na unjano kidogo na kutua kwenye bidhaa. Simu nayo inajaribu kurekebisha yenyewe, kwa hiyo picha moja inatoka ya njano, nyingine ya bluu. Nguo ni ile ile!

NYEUPE: Inarudisha mwanga mwingi bila kuongeza rangi yake. Pinki inabaki pinki, damu ya mzee inabaki damu ya mzee. Ubaya wake, inachafuka haraka, na bidhaa nyeupe inapotelea ukutani. Hiyo itandikie kitambaa cha kijivu nyuma. Picha ikitoka na giza, gusa bidhaa kwenye skrini kisha ongeza mwanga.

Kwa anayeuza nguo, viatu au vipodozi, chagua nyeupe. Chukua rangi ya maji isiyong'aa, maana ya mafuta inang'aa na kuacha alama za mwanga kwenye picha.

Usinunue ndoo kabla ya kujaribu:
1. Nunua kopo dogo la kila rangi.
2. Paka vipande viwili vya ubao, mara mbili kila kimoja, viache vikauke.
3. Weka bidhaa ile ile mbele ya kila ubao, karibu na dirisha. Piga asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka.
4. Shika bidhaa mkononi, ilinganishe na picha. Inayofanana ndiyo rangi yako.

Huna haja ya kupaka chumba kizima. Ukuta wa nyuma ya bidhaa na ule unaotazamana na dirisha vinatosha. Umepanga na mwenye nyumba hataki? Manila nyeupe mbili, moja nyuma na moja pembeni, zitakusaidia.

Ukuta wa chumba chako una rangi gani? Tuambie kwenye komenti.