Braketi ikikukata kidole, usilaumu rangi

Toa sarafu ya shilingi kumi mfukoni, ile ya simba iliyozinduliwa mwishoni mwa 2018. Pitisha kidole gumba ukingoni, polepole. Haikukwaruzi, haishiki uzi wa mfuko wako, na bado inang'aa hata baada ya kupitia mikono ya makanga mia.

Sasa nenda kwa mlango wa nyumba unayokodi. Tafuta bawaba au komeo, upitishe kidole vilevile, lakini kwa adabu. Kuna uwezekano mkubwa ukingo utakung'ata.

Vitu hivi viwili ni ndugu. Vyote vilitoka kwenye presi: bamba la chuma linawekwa, panchi inashuka kutoka juu, dai iko chini inangoja, na kwa pigo moja kipande kinakatika. Vizibo vya soda, vijiko, milango ya magari, hata nambari za magari zinazotengenezwa gereza la Kamiti, vyote hupigwa na presi. Tofauti ni malezi tu. Kabla sarafu haijapigwa picha ya simba, kile kipande kitupu hupashwa moto, huoshwa, na huzungushwa kwenye pipa hadi kiwe laini. Komeo la mlango wako lilipigwa, likapakwa rangi, likaenda sokoni.

Mbona nakuambia haya? Kwa sababu ukingo kama huo ulinila pesa ya rent.

Baada ya kuacha chuo nilikuwa nikimsaidia fundi mmoja pale Kariobangi Light Industries. Tulipata oda ya braketi 240 za rafu kutoka kwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tukapiga, tukakunja, mimi nikapuliza rangi nyeusi. Zilikuwa zinawaka, buda! Nikazipiga picha, nikaweka status.

Wiki mbili baadaye mama akarudi na gunia. Wateja walikuwa wanakatwa vidole, na rangi ilikuwa inabanduka kama ganda la kitunguu. Alitulipa nusu. Mzee hakunigombeza. Alichukua braketi moja, akaikwangua kwa ukucha.

"Uliiosha hii?"

"Niliipangusa, mzee."

"Sijauliza hivyo."

Kama wewe pia unajaribu kujipatia riziki kwa chuma, au unafikiria, hiki ndicho nilichojifunza kwa miezi iliyofuata. Ni masomo niliyolipia, wewe unapata bure.

Ubovu huanza kabla ya pigo

Wengi wetu hudhani ulaini wa kipande unaletwa na msasa na rangi mwishoni. Hapana. Kasoro nyingi huwa zimeshaingia kabla hujashika brashi.

Anza na bati lenyewe. Sisi tulikuwa tunaliburuta kwenye sakafu ya simiti. Kila mkwaruzo wa sakafu ulitokea juu ya braketi, na rangi ya kung'aa haifichi mkwaruzo, inautangaza. Beba bati watu wawili, liweke juu ya mbao au katoni, lipanguse kabla halijaingia kwenye presi.

Pili, angalia dai kila baada ya vipande vichache. Kakipande ka chuma kakibaki hapo ndani, kila braketi inayofuata itapata kishimo kilekile, mahali palepale. Ukiona alama inajirudia hivyo, usihangaike na bati, funua dai.

Tatu ni oili. Tulikuwa tunatumia ile chafu inayomwagwa na makanika kwa sababu ni ya bure. Lakini oili hiyo ina masizi na vumbi la chuma, kwa hivyo unapaka uchafu ukidhani unalainisha. Na usipoweka oili kabisa, chuma hushika chuma: vipunje vya bati huganda kwenye dai na kuanza kukwaruza kila kinachopita. Weka oili safi, nyembamba, kwa kitambaa. Dai ikishapata vipunje, isugue kwa msasa laini, namba 400 kisha 600, ukifuata mwelekeo ambao bati huteleza. Usizungushe duara kama unaosha sufuria.

Nafasi ya karatasi moja

Hili somo nililiona ubaoni chuoni na halikuniingia. Liliniingia nikiwa na plasta kwenye vidole vitatu.

Panchi haitoshei kabisa ndani ya dai. Lazima kuwe na nafasi ndogo kila upande. Kwa chuma cha kawaida, nafasi hiyo huwa karibu asilimia 5 hadi 10 ya unene wa bati. Bati letu lilikuwa la milimita 1.5, kwa hivyo tulihitaji karibu milimita 0.1. Unajua hiyo ni kitu gani? Ni unene wa karatasi moja ya fotokopi.

Nafasi ikizidi, bati huvutwa badala ya kukatwa, na linaacha ukingo mrefu wenye meno. Panchi ikiwa butu, matokeo ni hayohayo. Nafasi ikiwa ndogo mno, chuma hukatika mara mbili na vifaa huchakaa haraka.

Huhitaji maabara kujua uko wapi. Chukua kipande, tazama ukingo wake juani. Utaona utepe unaong'aa, kisha sehemu yenye rangi ya kijivu iliyoparara mahali chuma kilipovunjika. Kwa chuma cha kawaida kilichokatwa vizuri, utepe unaong'aa huwa karibu theluthi moja ya unene. Ukiona tepe mbili zinazong'aa, nafasi imebana. Ukiona meno marefu, noa panchi au rekebisha nafasi. Panchi yetu ilikuwa butu kama kijiko.

Kung'oa meno

Hata kila kitu kikiwa sawa, meno madogo yatabaki. Habari njema ni kwamba hukaa upande mmoja tu wa kipande. Kwa hivyo unapokunja, hakikisha upande wenye meno unaenda ndani ya kunjo. Ukiuweka nje, ambako chuma hunyooshwa, ufa huanzia hapohapo kwenye meno. Ujanja huu haugharimu hata shilingi, na peke yake uliondoa malalamiko mengi ya vidole.

Yaliyobaki yanaondolewa kwa tupa. Kwa vipande kumi, sawa. Kwa 240, mkono utakataa kushika kikombe cha chai jioni.

Ndiyo maana watu hutumia pipa linalozunguka, kama zile sarafu. Hata mashine ndogo ya kuchanganya zege inaweza kufanya hii kazi: weka vipande, kokoto ndogo, maji na sabuni kidogo, ijae kupita nusu hivi, izunguke polepole. Unataka vitu viteleze na kusuguana. Ukiharakisha, vitaanza kuangukiana na utatoa braketi zenye madonda. Na vipande bapa vikilowa hushikana kama chapati moto, kwa hivyo kunja kwanza, ndipo uzungushe.

Osha hadi maji yakubali

Hapa ndipo rangi yangu ilipokufa. Nilipuliza juu ya oili. Rangi inahitaji chuma cha kushika, si mafuta.

Maji moto, sabuni, brashi, kisha suuza. Halafu fanya mtihani huu: chovya kipande kwenye maji safi, kiinue. Maji yakitanda juu yake kama shuka moja, ni safi. Yakijikusanya kuwa matone, kama kwenye jani la nduma, bado kuna oili. Rudia.

Usioshe kwa petroli. Mvuke wake unangoja cheche moja tu ya grainda ya jirani. Magadi makali ya kufungulia mabomba huondoa mafuta, lakini hula aluminiamu na hula ngozi pia.

Ukishaosha, kausha mara moja. Usishike kwa mikono mitupu, kwa sababu jasho huacha alama zinazoshika kutu. Pitisha msasa kidogo ili rangi ipate pa kung'ang'ania, kisha paka praima siku hiyohiyo. Ukingoja kesho, hasa msimu wa mvua, utaikuta kutu imekutangulia.

Ukitaka kuzidi hapo, kuna rangi ya unga: unga mkavu hurushwa kwa umeme, kisha kipande huokwa kwenye joto la takriban digrii 180 hadi 200. Inashika kuliko ile ya kupuliza. Oda yako ikiwa ndogo, ungana na majirani wawili mpeleke pamoja.

Kupaka kromu, tafadhali usijaribu nyuma ya nyumba. Dawa nyingi za kazi hiyo zina aina ya kromu inayosababisha saratani, na maji machafu yake yakiingia mtoni yanatuhusu sote. Wapelekee wenye mitambo na kibali cha NEMA.

Na jilinde. Glavu unapobeba vipande vyenye meno, miwani unapotumia grainda, barakoa kwa vumbi, hasa la mabati ya zinki. Macho hayauzwi Gikomba.

Mama alirudi?

Tulimpelekea braketi 60 za kujaribu, bila kumwomba kitu. Hakuangalia rangi. Alipitisha kidole ukingoni, moja baada ya nyingine, mimi nimesimama pale nikijifanya nasoma simu. Kisha akachukua tishu nyeupe, akaingiza ndani ya tundu la moja. Ikatoka na alama ya kahawia. Hiyo nilikuwa nimeipanga chini ya nyingine kabla haijakauka.

Akaitenga, akalipa 59, akauliza kama tunaweza kuleta mia mbili mwisho wa mwezi.

Kwa hivyo siku ukienda kununua kitu cha jua kali, usianze na rangi wala bei. Anza na kidole. Na kama wewe ndiye unayetengeneza, hakikisha kidole chako kimepita hapo kabla ya cha mteja.